Ukungu wa Filamu na Ukungu wa Nakala

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Herk Harvey, mtengenezaji wa filamu fupi za mafunzo na za viwanda kutoka mji wa Lawrence katika jimbo la Kansas, alikuwa akirudi nyumbani kwa gari kutoka California alipopita kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, Utah. Jua lilikuwa linakuchwa. Katika uwanda mkavu ambao maji ya ziwa yalikuwa yameuhama, aliliona jengo kubwa lenye kuba na minara ya mtindo wa Mashariki ya Kati, likiwa tupu, halina mtu wala taa. Lilikuwa Saltair, ukumbi wa starehe na dansi. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1893 na kuungua mwaka 1925, na huu wa pili, uliojengwa baada ya moto huo, ulikuwa umefungwa tangu 1958. Harvey alipofika Lawrence alimwomba mwenzake wa kazini, John Clifford, aandike hadithi ya filamu, akampa sharti moja tu: mwishoni, wafu wacheze dansi ndani ya ukumbi ule. Mengine yote alimwachia mwenyewe.

Filamu iliyozaliwa na safari hiyo, Carnival of Souls, ilitoka mwaka 1962. Harvey alichukua likizo ya wiki tatu kuipiga, fedha taslimu alizichangisha kwa wafanyabiashara wa mji wake, na gharama yote ilifika takriban dola 33,000. Haikuvuma. Msambazaji aliipunguza dakika kadhaa, kisha kampuni yake ikaanguka. Tena nakala zilizosambazwa hazikuwa na tangazo la hakimiliki, ambalo sheria ya Marekani ya wakati ule ililidai, na kwa sababu hiyo filamu ilihesabiwa kuwa mali ya umma, yeyote akaweza kuirudufu na kuiuza. Vituo vya televisheni viliirusha usiku wa manane, na huko ndiko ilikopata wapenzi wake, mmoja mmoja, watu ambao wengi wao hawakuijua hata jina kwa sababu walifungua televisheni ikiwa imekwisha kuanza. Mwaka 1989 ilirudishwa katika kumbi za sinema. Harvey, aliyefariki mwaka 1996, hakuwahi kutengeneza filamu nyingine ndefu.

Kisa hiki kinabeba karibu kila sehemu ya swali ambalo wapenzi wa sinema wamelibishania kwa miaka mingi: kwa nini filamu isiyojulikana, yenye kisa chembamba na waigizaji wasio na majina, humshika mtu kwa nguvu ambayo filamu ya mamilioni ya dola huikosa? Na kwa nini wapo watu wanaotumia fedha na miaka ya maisha yao kutafuta nakala za filamu hizo, mara nyingine nakala tatu au nne za filamu ileile? Maswali haya mawili huulizwa pamoja na kujibiwa pamoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mapenzi ya mtazamaji na mapenzi ya mkusanyaji hayana chanzo kimoja, hata yanapokaa ndani ya mtu mmoja. Kuna ukungu ulio ndani ya filamu, ambao mtengenezaji aliutia au aliukubali, na kuna ukungu ulio juu ya nakala, ulioletwa na muda, uchakavu na kurudufu. Anayetazama kwa mara ya kwanza hawezi kuutenga mmoja na mwingine.

Tuanze na ule wa ndani. Ninaposema hali ya filamu nina maana ya ule mchanganyiko wa mwanga, sauti, mahali na mwendo wa picha unaomfanya mtazamaji ahisi jambo kabla hajalielewa. Filamu nyingi huitumia hali kama chumvi kwenye mchuzi, lakini zipo chache ambazo hali ndiyo chakula chenyewe. Ukimwomba mtu akusimulie Carnival of Souls atamaliza kwa sentensi tatu: Mary Henry, mpiga kinanda, ananusurika gari alimokuwa linapotumbukia mtoni, anahamia Utah kufanya kazi kanisani, mwanamume mwenye uso mweupe, ambaye wengine hawamwoni, anamfuata kila aendako. Masimulizi hayo hayana kosa, ila filamu yenyewe hayaigusi. Filamu iko katika dakika zile ambapo Mary, akiwa dukani ananunua nguo, ghafla hasikii kitu chochote. Watu wanatembea, midomo inacheza, wala hakuna sauti, na hakuna anayemwona. Muziki wote wa filamu ni wa kinanda, chombo chake yeye mwenyewe, kiasi kwamba kinapolia hatujui kama tunasikia muziki wa filamu au kitu kinachotoka kichwani mwake. Kwa hiyo ukimya unapokuja, hata kile kinanda kikanyamaza, mtazamaji hupoteza kitu cha mwisho alichokuwa amekishikilia.

Studio kubwa isingeruhusu hilo kirahisi. Fedha nyingi zikiwekwa katika filamu, huja na hofu kwamba mtazamaji atachoka au hataelewa, na hofu hiyo huziba kila pengo: okestra hujaza ukimya, maelezo hujaza shaka, na sura maarufu hujaza uso ambao ungebaki wa mgeni. Jambo hili la sura lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwigizaji mashuhuri huingia katika filamu akiwa na filamu zake nyingine zote mgongoni. Tunamjua, tunakisia kwamba hatakufa mapema, na tunamwamini hata anapoigiza mwovu. Mwigizaji ambaye hatujawahi kumwona wala hatutamwona tena hatupi dhamana hiyo. Candace Hilligoss, aliyeigiza Mary, alionekana katika filamu chache mno, na kwa watazamaji walio wengi uso wake haupo mahali pengine popote isipokuwa katika kisa hiki. Mwanamume mweupe anayemfuata aliigizwa na Harvey mwenyewe.

Hata ndani ya studio, uhaba umewahi kutoa funzo hilohilo. Mwaka 1942 RKO ilimkabidhi mtayarishaji Val Lewton bajeti ndogo na jina la filamu lililokuwa limeamuliwa tayari, Cat People, akitakiwa atengeneze kitu cha kutisha kinacholingana na jina hilo. Yeye na mwongozaji Jacques Tourneur walitumia ngazi iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya filamu nyingine ya studio hiyohiyo, na badala ya kumwonyesha mnyama wa hadithi, chui, kila mara, walionyesha giza ambamo huenda yumo. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta, nyayo za mtu mwingine zinasikika nyuma yake, kisha zinakoma. Anaongeza mwendo, anasimama chini ya taa, anageuka. Sauti inayopasua ukimya, ambayo kila mtazamaji huipokea kama ngurumo ya mnyama, ni breki za basi linalosimama mbele yake. Chui wa filamu hiyo anaishi zaidi katika masikio ya watazamaji kuliko kwenye skrini, na chui wa namna hiyo hana gharama wala hazeeki.

Hapa inafaa kuonya, kwa sababu wapenzi wa filamu hizi hupenda kuugeuza umaskini kuwa fadhila. Umaskini peke yake hauzai hali yoyote. Filamu nyingi zilizotengenezwa kwa fedha kidogo ni mbovu tu, na hakuna kiasi cha mapenzi kitakachoziokoa. Kinacholeta tofauti ni mtengenezaji kulitambua pengo alilonalo na kuamua kulitumia badala ya kulificha. Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Carl Theodor Dreyer, Mdenmark aliyepiga filamu ya Vampyr nchini Ufaransa, nyingi yake katika majengo halisi ya kijiji cha Courtempierre, kwa fedha za kijana tajiri, Nicolas de Gunzburg, ambaye pia aliigiza mhusika mkuu kwa jina la bandia la Julian West. Wengi wa waigizaji hawakuwa wa kazi hiyo. Siku za mwanzo, picha mojawapo ilitoka na rangi ya kijivu kwa sababu mwanga usiotakiwa uliingia katika lenzi. Mtu mwingine angeitupa. Dreyer na mpiga picha wake, Rudolph Maté, waliiona kuwa ndiyo sura waliyokuwa wakiitafuta, na tangu hapo wakawa wanatundika kitambaa cha shashi kiasi cha mita moja mbele ya kamera na kukimulika taa, ili kila picha ifanane na ile iliyoharibika. Kosa likafanywa kanuni. Vampyr ilipoonyeshwa mwaka 1932 watazamaji wengi waliikataa, na Dreyer hakutoa filamu nyingine ndefu hadi mwaka 1943.

Ila Vampyr ndiyo inayotuingiza katika ukungu wa pili. Negativu zake za awali, yaani tepe za asili ambazo nakala hutolewa kwazo, za picha na za sauti, zimepotea. Kinachotazamwa leo kimeunganishwa kutokana na nakala zilizosalia, nazo zilikuwa zimechakaa, zina mikwaruzo na sauti yenye kuchakacha. Kwa miongo mingi watu waliipenda filamu hii kupitia nakala zilizofifia, na wakiisifu walizungumzia ule ufifi kana kwamba wote ni wa Dreyer. Sehemu ulikuwa wake na sehemu ulikuwa wa muda, na mpaka kati ya hizo mbili hauonekani kwa macho.

Muda una njia zake za kuila filamu, na mkusanyaji huzijua kama mkulima anavyoyajua magonjwa ya mazao yake. Filamu za zamani zaidi zilipigwa kwenye utepe wa nitrati, unaowaka upesi kupita kiasi na ambao, hata usipowaka, hulainika, hunata na mwisho kuwa unga. Asetati iliyoshika nafasi yake ilisifiwa kuwa salama, kisha ikagundulika kwamba nayo huoza pole pole katika joto na unyevu, ikitoa asidi ileile inayoipa siki harufu yake, na kopo moja lililoanza kunuka huweza kuambukiza yaliyo jirani. Ndiyo maana kampuni moja ya Marekani inayokarabati na kuuza filamu zilizosahaulika, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilijiita Vinegar Syndrome, kwa jina la ugonjwa huo. Nakala nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zimegeuka waridi, kwa kuwa rangi nyingine zimekufa na nyekundu ndiyo iliyobaki. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya takriban filamu ndefu 11,000 za kimya zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la awali la utepe wa upana wa 35mm.

Halafu ikaja kanda ya video, na ukungu wake yenyewe. VHS iliyotoka Japani mwaka 1976 haikuweza kubeba ila sehemu ndogo ya picha ya filamu, na kila ilipotolewa nakala kutoka kwenye nakala, picha ilipungua tena: kingo zililegea, nyeusi ikawa kijivu, chenga zikaingia. Wasomaji waliokulia miji ya Afrika Mashariki katika miaka ya deki na vibanda vya video hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Filamu iliwafikia ikiwa nakala ya nakala, mara nyingine bila mwanzo, mara nyingine ikiwa na sauti ya msimulizi juu yake, kama ile ya Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye kwa wengi alikuwa sehemu ya filamu kuliko waigizaji wenyewe. Hakuna mtengenezaji aliyeikusudia sauti hiyo. Hata hivyo, mtu aliyeipenda filamu ikiwa na sauti ya Lufufu akiipata leo safi, kwa Kiingereza au Kichina, huhisi kwamba kuna mtu ameondoka chumbani. Hisia hiyo ni ya kweli, na haipungui ukweli kwa kuwa chanzo chake ni nakala na si filamu.

Mkusanyaji basi ni nani kati ya hizi kungu mbili? Kwa juu juu anaonekana kuwa mpenda vitu: makasha, vijitabu, matoleo yenye namba, diski ambazo kampuni hutoa kwa idadi maalumu na ambazo bei yake hupanda zikiisha. Upo ukusanyaji wa aina hiyo, na siutetei. Mtu aliyefungia diski katika nailoni yake bila kuitazama ananunua uhaba tu. Uhaba hutengeneza tamaa hata pasipo na filamu yenyewe. London After Midnight ya Tod Browning, ya mwaka 1927, ni miongoni mwa filamu zinazotafutwa sana duniani, na nakala ya mwisho inayojulikana iliteketea katika moto wa ghala la MGM miaka ya 1960. Mwaka 2002 picha zake za mnato zilipangwa na kurushwa kwenye televisheni badala ya filamu. Watu wanaitamani kwa sababu kila mmoja ameitengeneza kichwani, na filamu ya kichwani haina dakika ya kuchosha. Vivyo hivyo, Uingereza ilipotunga sheria ya kanda za video mwaka 1984, baada ya mwendesha mashtaka mkuu kuorodhesha makumi ya filamu zinazoweza kushitakiwa, orodha ile iligeuka mwongozo wa ununuzi kwa vijana ambao vinginevyo wasingezisikia kamwe filamu zilizokuwamo.

Lakini upo ukusanyaji mwingine, na bila huo historia ya sinema ingekuwa na matundu makubwa zaidi. Manuel Peña Rodríguez, mhakiki wa filamu wa Buenos Aires, alijipatia nakala ya Metropolis ya Fritz Lang, filamu iliyokatwakatwa nchini Ujerumani muda mfupi baada ya kutoka mwaka 1927. Nakala iliyofika Argentina ilikuwa bado haijakatwa. Mkusanyo wake ulihama mikono, utepe wa nitrati ukahamishiwa kwenye utepe mwembamba zaidi wa 16mm kwa sababu za usalama, na mwaka 2008 ikatambuliwa katika jumba la makumbusho ya filamu la mji huo kwamba humo mlikuwa na takriban dakika 25 ambazo dunia ilidhani zimepotea. Yule aliyenakili hakuusafisha utepe, hivyo mikwaruzo na mafuta vilipigwa pamoja na picha, na haviondoki. Filamu ilipoonyeshwa upya Berlin mwaka 2010, sehemu zilizorejeshwa zilionekana wazi kwa mistari yake iliyokolea. Wakarabati hawakujaribu kudanganya jicho. Nadhani hilo ni jambo la haki zaidi lililowahi kufanywa katika kazi hiyo, kwa kuwa mtazamaji anaona filamu na anaona pia safari yake.

Hapa ndipo mabishano makali ya wakusanyaji yanapotokea. Vifaa vya leo vya kidijitali vinaweza kuchukua negativu ya filamu ya bei rahisi na kutoa picha kali kuliko ile ambayo watazamaji wake wa kwanza waliiona. Vinaweza pia kufuta chembechembe ambazo ndizo ngozi ya picha ya filamu, hata nyuso zikabaki laini kama nta. Kundi moja linataka usafi wote unaowezekana. Jingine linasema kwamba filamu ya kutisha ikisafishwa hofu huondoka nayo, na kwamba giza lililokuwa zito kwenye kanda sasa linaonyesha rangi ya ukuta na waya wa taa. Ninawaelewa wa kundi la pili, lakini nadhani wanachanganya kungu mbili. Shashi ya Dreyer imo ndani ya picha yenyewe, na kazi ya mkarabati ni kuisafisha nakala hadi shashi hiyo ionekane kama shashi. Anayefuta chembechembe amevuka mpaka na kuanza kumkosoa Dreyer. Anayeondoa vumbi hajavuka. Wakusanyaji wenye busara ninaowafahamu huweka diski iliyokarabatiwa na kanda yao ya zamani katika rafu moja, ya kwanza kwa ajili ya filamu, ya pili kwa ajili ya usiku walipoiona.

Tena si kila filamu adimu ilikuwa adimu kwa sababu ya ladha. Filamu nyingi za Afrika za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa hazipatikani kwa kuwa negativu zake zilibaki katika maabara za Ulaya, haki zake zimetatizika, na nchi zilikotoka hazina ghala lenye baridi ya kuzihifadhi. Mpango uliotangazwa mwaka 2017 na shirika la kuhifadhi filamu The Film Foundation, UNESCO na shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI, ulilenga filamu 50 za bara hili, na Soleil Ô ya Med Hondo, mwongozaji wa Mauritania, ya mwaka 1970, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kukarabatiwa. Kwa mkusanyaji wa Paris au New York, filamu kama hiyo kutopatikana kulikuwa mvuto. Kwa Mmauritania asiyeweza kuona kazi ya mwananchi mwenzake, kulikuwa kunyimwa. Mkusanyaji anayeisifu filamu kwa kuwa haijulikani hana budi kuuliza haijulikani na nani, na kwa nini.

Ukumbi wa Saltair uliungua tena mnamo Novemba 1970, miaka kadhaa baada ya Harvey kuingia humo na kamera yake, akiwa ameukodi kwa kiasi kidogo mno cha fedha. Katika nakala zilizorushwa usiku wa manane, ngazi zake na sakafu yake ya dansi vilikuwa weusi na weupe uliochanganyika, na wale wacheza dansi waliokufa walionekana kama madoa yanayozunguka. Katika toleo lililokarabatiwa mtu anaweza kuhesabu mbao, kuona chumvi iliyoganda chini ya nguzo, na kutambua kwamba mapambo ya karatasi yaliyoning'inia darini yalikuwa ya sherehe halisi, yameachwa pale na watu waliokuja kucheza na kurudi makwao.